Vidonge vitatu vya Kirotshe

Siku ya kliniki ya wajawazito, ambayo huku sote twaiita CPN, benchi la kituo cha afya cha Kirotshe, Kivu Kaskazini, hujaa kabla jua halijapanda vizuri juu ya Ziwa Kivu. Wengine wametembea kutoka mashamba ya mlimani, wengine wameshuka kwenye pikipiki kutoka Shasha au Bweremana, magauni yamejaa vumbi la barabara ya Sake. Zamu ikifika, mama hupanda mzani, hupimwa tumbo kwa utepe, kisha huwekewa kiganjani vidonge vitatu vyeupe pamoja na kikombe cha maji. Kwenda navyo nyumbani haruhusiwi.

"Mama, meza hapa-hapa, nikuone."

"Lakini miye siko mugonjwa, Muganga."

"Ndiyo sababu unapewa leo. Usingoje mpaka uugue."

Anameza, anakunja uso kwa uchungu wa dawa, kadi inaandikwa, anaitwa mwingine. Huku kila avaaye koti jeupe ni muganga, na muganga mwenye foleni ya akina mama arobaini hana nafasi ya kutoa somo la kemia. Simlaumu. Lakini swali la yule mama halijajibiwa: dawa hii inamfanya nini mtu asiye mgonjwa? Tena liko swali la pili, ambalo hata aliyemkabidhi vidonge hawezi kulijibu akiwa Kirotshe: je, bado inafanya kazi?

Kila kimoja cha vidonge hivyo kina miligramu 500 za sulfadoksini na miligramu 25 za pirimethamini. Kwa mkato huitwa SP. Wenye umri wangu wanaikumbuka zaidi kwa jina la Fansidar. Ni kampaundi mbili zilizoundwa na watu maabarani, na kila moja ina kazi moja tu: kukiziba kimeng'enya kimoja cha kimelea cha malaria. Vizuizi vya vimeng'enya, basi, si habari ya wenye digrii za Ulaya peke yao. Mama wa Kirotshe humeza vizuizi viwili kwa mpigo, huku amesimama, na kuendelea na safari yake ya sokoni.

Hoja yangu leo ni hiyo. Sisi wa Kivu tumezoea kuwa upande wa kumeza. Tumekuwa pia, kama nitakavyoonyesha, upande wa kujaribiwa. Upande wa kupima, yaani kuuliza kizuizi hiki kinazuia au hakizuii, tumewaachia wengine, tukidhani ni kazi ya mashine za mamilioni. Nasema si hivyo.

Anayetaka kujua kimeng'enya ni nini asianze na kitabu, apande Masisi kwa wenye ng'ombe. Maziwa ya asubuhi yanapashwa moto kidogo, yawe vuguvugu, kisha mtengeneza fromaji anatia matone ya ile anayoiita prezire, ambayo asili yake ni tumbo la ndama. Sufuria ni kubwa, prezire ni kijiko tu. Anafunika. Baada ya kama nusu saa anachovya kisu, na kisu kinaacha alama: maziwa yameganda, yanakatika vipande kama ugali laini. Kilichotendeka ni hiki. Ndani ya prezire mna kimeng'enya ambacho hutafuta protini moja ya maziwa na kuikata mahali pamoja tu, kati ya kiungo chake cha 105 na cha 106. Kikishakata hapo kinaiachia, kinaishika nyingine, kinakata tena. Hakichoki wala hakiliki, ndiyo maana kijiko kinatosha sufuria nzima. Ukiichemsha prezire kwanza, utangoja mpaka kesho na maziwa yatabaki maziwa.

Uhai wote unakwenda kwa mikasi ya namna hii, na kwa sindano zake pia, maana viko vimeng'enya vya kukata na viko vya kushona. Kimelea cha malaria nacho kina vyake. Ili kigawanyike ndani ya damu kinahitaji kutengeneza DNA mpya, na ili kitengeneze DNA kinahitaji foleti, vitamini ambayo wewe na mimi tunaipata kwenye sombe na maharage. Kimelea hujipikia chenyewe, hatua kwa hatua, na kila hatua ina kimeng'enya chake. Sulfadoksini huziba hatua moja, ile ya kimeng'enya kinachoitwa DHPS, ambacho mwili wa binadamu hauna kabisa. Pirimethamini huziba ya mbele yake, ya DHFR. Hiyo ya pili sisi pia tunayo, na hapo ndipo penye ustadi wenyewe. Kuua si ustadi. Moto unaua, jiki inaua. Ustadi ni kuunda molekuli itakayoing'ang'ania DHFR ya kimelea kwa nguvu mara mamia kuliko inavyoishika ya mama aliyembeba mtoto.

Molekuli hiyo haikupatikana kwa ndoto. Miaka ya 1940, katika maabara za kampuni ya Burroughs Wellcome huko Tuckahoe, jimbo la New York, mkemia George Hitchings na wenzake, akiwemo Gertrude Elion aliyejiunga naye mwaka 1944, walikuwa wanaunda kampaundi zinazofanana na vipande vya DNA, moja baada ya nyingine, wakibadilisha hapa kipande, pale kipande. Walihitaji njia ya haraka ya kujua ipi inamzuia nani. Kipimo chao kilikuwa bakteria aitwaye Lactobacillus casei, ambaye hawezi kukua bila foleti. Ukimpa kampaundi akadumaa, umepata kitu. Na hilo neno casei limetoka kwenye neno la Kilatini la jibini. Dawa iliyomo kiganjani mwa mama wa Kirotshe ilichujwa kwa msaada wa kiumbe wa kwenye fromaji. Kila ninapoifikiria Masisi, mlima mzima wa maziwa, huwa nacheka peke yangu nikikumbuka jambo hilo. Mwaka 1988 Hitchings na Elion walipata Tuzo ya Nobel pamoja na James Black wa Uingereza.

Kabla sijaendelea, kuna jambo dogo la mezani pa muganga ambalo linafaa lisemwe kwa sauti. Mama yuleyule aliyemeza SP hupewa pia vidonge vya madini ya chuma na asidi ya foliki, kwa ajili ya damu. Asidi ya foliki ndiyo ileile foleti. Ukimpa nyingi, miligramu 5 kwa siku au zaidi, unamletea kimelea chakula ambacho SP inajaribu kumnyima, na SP inashindwa. Shirika la Afya Duniani linaelekeza dozi ndogo, miligramu 0.4. Vidonge viwili vya nia njema, mkono wa kulia na wa kushoto, vinaweza kupigana tumboni mwa mtu mmoja. Anayejua kizuizi kinafanyaje kazi hawezi kulisahau hilo. Anayejua jina la dawa tu atalisahau siku stoo itakapobaki na vidonge vikubwa peke yake.

Sasa lile swali la pili. Mwaka 1954, miaka michache tu baada ya pirimethamini kutoka maabarani, watafiti Clyde na Shute waliandika kuwa vimelea vya Afrika Mashariki vimeanza kuishinda. Mahali palipopata umaarufu huo wa huzuni ni Mkuzi, karibu na Muheza, mkoa wa Tanga, ambako watu walipewa dawa hiyo kwa mpango na kimelea kikajifunza katika muda mfupi. Kinachobadilika ni kidogo mno. DHFR ni mnyororo mrefu wa viungo. Katika kiungo cha 108, serini inatoka, asparajini inaingia. Kiungo kimoja. Mfuko ambao pirimethamini ilikuwa inaingia na kukaa sawasawa unabanwa, dawa inateleza. Baadaye yanakuja mabadiliko ya kiungo cha 51, cha 59, na hali inazidi kuwa mbaya. Utafiti wa Cally Roper na wenzake uliochapishwa mwaka 2004 ulionyesha kuwa ile DHFR yenye mabadiliko matatu iliyoenea Afrika asili yake ni Asia ya Kusini-Mashariki. Kimelea kilisafiri bila viza.

Kenya iliiacha klorokwini na kushika SP kuwa dawa ya kutibu malaria mwaka 1998, Tanzania ikafuata 2001, Kongo nayo 2001. Haikudumu. Kongo ilihamia mseto wa artesunati na amodiakwini mwaka 2005, Tanzania ikahamia ALu, yaani mseto wa artemetha na lumefantrini, mwaka 2006. SP ikabaki na kazi moja kubwa, ile ya CPN. Na hapa jiografia inatugusa sisi moja kwa moja. Watafiti waliochora ramani ya vinasaba vya malaria nchini Kongo waligundua kuwa nchi imegawanyika: upande wa magharibi vimelea vinafanana na vya Afrika Magharibi, upande wa mashariki, wetu, vinafanana na vya Uganda, Rwanda na Tanzania. Mabadiliko mabaya zaidi ya DHPS, ya kiungo cha 540 na hata cha 581, yamerundikana mashariki. Kwa maneno mengine, sera moja ya Kinshasa inawapa akina mama wawili vidonge vilevile, mmoja Matadi na mwingine Kirotshe, lakini vidonge hivyo havikutani na kimeng'enya kilekile.

Nisieleweke vibaya. Simwambii mama yeyote akatae SP. Tafiti za Afrika Mashariki zimeonyesha kuwa hata penye vimelea sugu, watoto wa akina mama waliomeza SP bado huzaliwa na uzito bora, na dawa mbadala iliyojaribiwa, ingawa inafukuza malaria vizuri zaidi, haikuishinda SP katika uzito huo. Sababu zake bado wataalamu wanabishana. Meza, Mama. Ninachodai ni kingine: kwamba mtu fulani wa karibu awe anajua, mwaka hadi mwaka, kimeng'enya cha kimelea wa Kirotshe kina sura gani.

Kuhusu sisi kujaribiwa, hakuna mfano mkubwa kuliko Ebola. Mlipuko wa Kivu Kaskazini na Ituri ulitangazwa tarehe 1 Agosti 2018 na kufungwa tarehe 25 Juni 2020, ukiwa umewapata watu 3,470 na kuwaua 2,287. Katikati ya moto huo, tarehe 20 Novemba 2018, ulianza utafiti ulioitwa PALM, chini ya Profesa Jean-Jacques Muyembe wa INRB, yaani Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Biotiba, pamoja na taasisi za afya za Marekani. Dawa nne zilishindanishwa katika vituo vya Beni, Butembo, Katwa na Mangina. Tatu zilikuwa kingamwili, protini kubwa zinazomshika kirusi kabla hajaingia kwenye seli. Ya nne, remdesivir, ilikuwa molekuli ndogo ya kiwandani, kizuizi cha kimeng'enya.

Remdesivir imetengenezwa kwa ujanja mwingi. Imevalishwa sura ya adenosini, moja ya herufi nne ambazo kirusi hutumia kujinakili. Kimeng'enya cha kunakili, kiitwacho polimerasi, kinaipokea kama herufi halali, kinaishona kwenye mnyororo, kinaendelea hatua chache kisha kinakwama. Ni kama fundi cherehani aliyepewa kitufe bandia: anakishona vizuri, nguo ndiyo inayokataa kufunga. Kwenye chupa za maabara ilifanya kazi. Mwaka 2016 jarida la Nature lilichapisha matokeo ya nyani wa aina ya rhesus walioambukizwa Ebola, wakapewa dawa hii kuanzia siku ya tatu kwa dozi ya juu. Wote walipona, asilimia 100.

Kisha ikaja Kivu. Kati ya wagonjwa 175 waliopewa remdesivir, 93 walikufa. Waliopewa mAb114, kingamwili iliyotokana na damu ya mtu aliyenusurika mlipuko wa Kikwit wa mwaka 1995, walikufa 61 kati ya 174. Waliopewa REGN-EB3, kingamwili nyingine, walikufa 52 kati ya 155. Waliopewa ZMapp, kingamwili ya tatu iliyokuwa kipimo cha kulinganishia, walikufa 84 kati ya 169. Tarehe 9 Agosti 2019 wasimamizi walisimamisha mgawo wa remdesivir na ZMapp, wagonjwa wote waliobaki wakahamishiwa kwenye zile mbili zilizoongoza.

Kwa nini nyani walipona na watu wakafa? Nyani walianza tiba kwa saa iliyopangwa. Watu wa Beni na Butembo walifika wakiwa wameugua siku tano na nusu kwa wastani, wengine wakijificha, wengine wakikimbia risasi, na utafiti wenyewe ulionyesha kuwa kila siku ya kuchelewa iliongeza hatari ya kufa. Lakini hilo halielezi yote, kwa sababu hata walioingia na virusi vichache damuni, asilimia 29 ya waliopewa remdesivir walikufa, huku kwa mAb114 wakifa chini ya asilimia 10. Kimeng'enya kuzibwa kwenye chupa ni jambo moja. Mtu kupona kitandani ni jambo jingine, na kati ya hayo mawili pana njia ndefu kuliko ya Goma kwenda Walikale wakati wa mvua.

Miezi michache baadaye remdesivir ileile ilitafutwa duniani kote kwa ajili ya Uviko-19. Mwezi Juni 2020 kampuni ya Gilead ilitangaza bei ya dola 2,340 kwa tiba ya siku tano kwa serikali za nchi tajiri, na Oktoba mwaka huo Marekani ikaiidhinisha rasmi. Taarifa za jinsi miili ya binadamu inavyoivumilia dawa hiyo hazikuanzia New York. Sehemu yake ilitoka kwa wagonjwa 175 wa Kivu. Sisemi walidhulumiwa. Utafiti ulikuwa halali, uliongozwa na Mkongomani, na dawa mbili zilizoshinda zimeokoa watu. Nasema tu kwamba katika historia ya vizuizi vya vimeng'enya jina la Kivu limeandikwa, na limeandikwa kwenye safu ya wagonjwa.

Sasa nitasikia wale wasemao: wewe, barabara ya Sake imekatwa mara ngapi, Minova na Goma zimeanguka Januari 2025, watu wamelala chini ya maturubai, nawe unatuletea habari za vimeng'enya? Ni hoja nzito, siwezi kuipuuza. Siku zilezile za Januari, Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu ilitoa tahadhari kuhusu maabara ya INRB ya Goma: umeme ukikatika, sampuli za virusi, za Ebola zikiwemo, zingeweza kuwa hatari kwa mji mzima. Maabara bila umeme ni ghala la hatari. Ndiyo maana sitaki tuanze na mashine inayohitaji baridi ya nyuzi 80 chini ya sifuri. Nataka tuanze na papai.

Utomvu mweupe wa papai bichi una kimeng'enya kiitwacho papaini. Beni na Butembo wanakijua vizuri kuliko sisi wa huku kwenye ziwa: mkulima huchanja ganda la tunda asubuhi kwa wembe, si kwa kina, utomvu unachuruzika, unakingwa, unakaushwa, unauzwa kwa kilo na kusafiri ng'ambo kulainisha nyama na kusafisha bia. Miaka mingi Kivu Kaskazini imekuwa ikiulisha ulimwengu kimeng'enya hiki kama inavyoulisha kahawa, ikiwa ghafi, bila kukiuliza neno.

Kumbe papaini ina ukoo. Kimelea cha malaria, kikiwa ndani ya chembe nyekundu ya damu, hula himoglobini kwa kutumia vimeng'enya viitwavyo falsipaini, na falsipaini ni wa ukoo wa papaini. Ule mfuko wa kukatia umejengwa kwa ramani moja. Molekuli iitwayo E-64, iliyopatikana kwenye kuvu mwishoni mwa miaka ya 1970, huzima papaini na huzima falsipaini pia. Hadi leo hakuna kizuizi cha falsipaini kilichofika dukani kama dawa ya malaria, sababu mojawapo ikiwa kwamba binadamu naye ana vimeng'enya vya ukoo huo, na molekuli isiyojua kubagua humdhuru mwenye nyumba pamoja na mwizi. Kazi bado ipo, na kichujio cha kwanza cha kazi hiyo kinaning'inia mtini.

Na maziwa? Papaini nayo hugandisha maziwa. Chukua vikombe viwili vya maziwa vuguvugu, utomvu kipimo kilekile. Kimoja tia maji, kingine tia maji ya mmea unaotaka kuupima, tuseme mubirizi, ambao kila bibi wa Kivu anaujua kwa uchungu wake. Shika saa. Kikombe cha mubirizi kikichelewa kuganda, kuna kitu kinazuia. Au kuna kitu kinakudanganya, na hapa ndipo sayansi inapoanza. Majani mengi yana tanini, ileile inayokausha mdomo ukinywa chai kali, na tanini hushika protini yoyote bila kuchagua. Kampaundi nyingine hukusanyika majini kuwa mabonge madogo yasiyoonekana, na kimeng'enya hunasa juu yake kama nzi kwenye asali. Mkemia Brian Shoichet wa Marekani na wenzake ndio waliowaonya wenzao kuhusu mtego huo, na njia ya kuutegua ni rahisi: ongeza sabuni kidogo ya maabara. Uzuiaji ukitoweka, ulikuwa wa uongo. Dawa nyingi za miti zinazotangazwa redioni na kwenye simu zetu zingenyamaza mbele ya tone hilo moja la sabuni.

Hatua ya pili inahitaji spektrofotomita, kisanduku cha kupima rangi, ambacho hospitali nyingi za rufaa tayari zinacho kwa vipimo vya damu. Papaini hupewa kampaundi isiyo na rangi ambayo ikikatwa huwa ya njano. Unapima unjano unaongezeka kwa kasi gani. Unaongeza kizuizi kidogo kidogo mpaka kasi ishuke kuwa nusu. Kiasi hicho cha nusu ndicho wanakemia wote duniani wanachokitumia kulinganisha molekuli zao, na mwanafunzi wa Goma akikipata kwa uangalifu, tarakimu yake haina tofauti na ya mwenzake wa Basel.

Nasema haya kwa uchungu kidogo wa mtu aliyesoma kemia kwa chaki. Katika shule yangu, ambayo sitaitaja, mwalimu alichora bureti ubaoni, akachora tone likidondoka, nasi tukanakili tone. Miaka sita. Siku nilipoiona bureti ya kioo, nikiwa mtu mzima, nilishangaa kwamba ina koki.

Kuunda molekuli mpya kabisa, kama walivyofanya akina Hitchings, ni ngazi ya juu zaidi. Kunataka viyeyusho safi, hewa ya kutoa mvuke, na fedha zisizokatika katikati. Lakini tusijidanganye kwamba eneo hili halijawahi kukaribia huko. Ukifuata barabara ya Kirotshe kuelekea kusini, Minova, Kalehe, unafika Lwiro, kituo cha utafiti kilichoanzishwa na Wabelgiji chini ya taasisi ya IRSAC, iliyoundwa mwaka 1947, na ambacho hadi leo kina watafiti wa mimea ya dawa. Mbele zaidi, Bukavu, Pharmakina imekamua kwinini kutoka magome ya mikwinini ya Kivu kwa miongo mingi, na mwaka 2005 ikaanza kutengeneza Afri-Vir, vidonge vya kupunguza makali ya Ukimwi vyenye lamivudini, stavudini na nevirapini. Zote tatu ni vizuizi vya kimeng'enya kimoja cha VVU. Vilikandamizwa kuwa vidonge Bukavu, na wafanyakazi wa Bukavu, wakati barabara zilikuwa mbaya na bunduki hazijanyamaza. Hoja ya "ngoja amani kwanza" ilikwisha jibiwa pale.

Ninachoomba kwa wakuu wa zoni za afya za Kirotshe, Masisi na Walikale, na kwa vyuo vya Goma, ni kidogo kuliko maabara. Mama akifika CPN ana homa, huchomwa kidole kwa ajili ya kile kipimo cha haraka, TDR. Tone moja linakwenda kwenye kipimo, damu inayobaki inafutwa kwa pamba na kutupwa. Tone la pili lidondoshwe kwenye karatasi ya chujio, liandikwe tarehe na kijiji, jina lisiandikwe, na mama aombwe ridhaa kwa lugha anayoielewa. Likaushwe kivulini, litiwe kwenye bahasha. Barabara ikifunguka, bahasha ziende INRB wasome herufi ya kiungo cha 108, cha 540 na cha 581, na jibu lirudi Kirotshe, kwa yule muganga wa foleni, si kwenye jarida tu. Tone likishakauka kwenye karatasi, DNA yake hukaa miezi mingi bila friji na bila umeme.